Tabibu, Hesabu na Amana



Kuna suali ambalo zamani halikuulizwa sana majumbani mwetu, na leo halina budi kuulizwa. Zamani mtu alimwendea tabibu kwa kuwa anaumwa. Leo tabibu humwita mtu ambaye haumwi, akamwambia: njoo nikupime, huenda umo na maradhi na hujui. Mama huitwa apimwe shingo ya kizazi, baba huitwa apimwe tezi dume, mwengine huitwa apimwe presha ya macho. Na huyo aitwaye ni mzima, amekaa kwake, ala na alala, hana analolishitakia. Jee, ni wajibu wake kuitika? Na tabibu, ni wajibu wake kumwita? Na likitokea la kutokea, mmoja akapimwa akadhurika kwa kule kupimwa, au mwengine asipimwe akafa, ni nani atakayebeba dhamana mbele ya hakimu wa duniani, na mbele ya Hakimu wa mahakimu wote?

Vijana wetu wanaosoma udaktari hufunzwa mambo matatu katika mafungu mbali mbali: kuyatafuta maradhi kabla hayajadhihiri, sheria ya makosa ya utabibu, na hesabu za takwimu. Hufanya mtihani wa kila fungu, wakafaulu, wakaliweka kando. Lakini mambo haya matatu kwa hakika ni jambo moja, nalo ni amana. Hilo ndilo nitakalo kulieleza, inshaallah.

KINGA HAIPINGANI NA KUDURA

Kwanza tuondoe udhuru mmoja usemwao sana. Wapo wasemao: lililoandikwa litakuwa tu, basi kupimwa kwa nini? Maneno haya yana sura ya imani lakini si imani. Sote twajua kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga akategemea kwa Mungu, akaamrishwa amfunge kisha ategemee. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari kuwa huko kumeingia tauni, alishauriana na masahaba kisha akawarejesha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia kudura ya Mungu kwenda kwenye kudura ya Mungu iyo hiyo. Basi kujikinga nako kumeandikwa. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini hapa ndipo penye tatizo. Si kila mstari uonekanao ukutani ni ufa. Na mwenye kuubomoa ukuta mzima kwa kudhani ameona ufa, naye pia ameharibu nyumba.

KISA CHA MMOJA KATIKA 25,000

Sikiliza kisa hiki cha kweli. Si cha kwetu, ni cha jimbo la Washington, Marekani. Nimekichagua kwa kuwa ndani yake mambo yetu matatu yamekutana.

Mwanamke mmoja alianza kwenda kwa matabibu wa macho mwaka 1959, wakampa lenzi za kuvaa machoni. Mwaka 1963 alirudi akilalamika kuwa macho yanamuwasha. Akarudi tena mwaka 1967, na mara kadhaa mwaka 1968. Kila mara waliona ni taabu za zile lenzi. Mwezi wa Oktoba 1968 ndipo walipompima presha ya macho kwa mara ya kwanza, wakakuta ana glakoma. Maradhi haya huuwa mshipa wa kuona polepole, mara nyingi bila ya maumivu, na huanza kula pembeni mwa macho hata mtu asitambue. Alikuwa na umri wa miaka 32, na uoni wake wa pembeni ulikuwa umekwisha potea. Uliopotea haurudi.

Akawashitaki. Matabibu wakajitetea kuwa wao wamefanya kama wafanyavyo matabibu wote wa fani yao: mtu aliye chini ya miaka 40 hapimwi presha ya macho kwa desturi, kwa sababu katika umri huo glakoma humpata mtu mmoja tu katika 25,000. Mashahidi wa pande zote mbili walikubali kuwa hiyo ndiyo desturi. Mahakama ya kwanza ikawapa haki matabibu, na ya rufaa ikawapa haki. Lakini mwaka 1974 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo ikapindua hukumu. Ikasema kuwa kipimo hicho ni chepesi, ni rahisi, hakina khatari, na huyo mmoja katika 25,000 ana haki ya kukingwa kama waliozidi miaka 40. Desturi ya matabibu wote haikuwa udhuru.

Ndugu msomaji, moyo wako umeelemea wapi? Bila shaka kwa yule mwanamke. Na wangu pia. Lakini tusihukumu kabla hatujapiga hesabu, maana Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na ametueleza kuwa masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa.

HESABU AMBAYO HAKIMU HAKUIONA

Kila kipimo kina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumficha mgonjwa: mtu anayo maradhi, na kipimo kikasema hana. Kosa la pili ni kumsingizia mzima: mtu hana maradhi, na kipimo kikasema anayo. Hakuna kipimo kilichosalimika na makosa haya moja kwa moja.

Tufanye mfano wa hesabu tu. Tuchukue watu 25,000 vijana, na ndani yao mgonjwa ni mmoja. Tuseme kipimo chetu ni kizuri hata hakimkosi mgonjwa, ila katika kila wazima 100 huwasingizia 5. Basi kitamkamata yule mmoja, alhamdulillahi, na pamoja naye kitawasingizia wazima 1,250. Wote hao 1,251 wataambiwa neno moja: rudini, pana jambo. Wote watalala na khofu. Na akikuuliza mmoja wao, "Daktari, jee mimi ni mgonjwa?", jawabu la kweli ni kuwa kati ya watu 1,251 walioambiwa kama alivyoambiwa yeye, mgonjwa ni mmoja.

Sasa chukua watu wengine 25,000, wazee, ambao katika kila 100 mgonjwa ni mmoja. Wagonjwa watakuwa 250. Kipimo ni kile kile, tabibu ni yule yule. Kitawakamata wote 250, na wazima watakaosingiziwa watakuwa kiasi cha 1,238. Hapa aambiwaye pana jambo ana sehemu moja katika sita ya kuwa kweli ni mgonjwa. Umeiona tafauti? Ukweli wa jawabu hautoki katika chombo peke yake. Watoka pia katika kuwajua watu unaowapima. Kijana asomaye udaktari asipolijua hili, atasema neno la kweli kwa mmoja, na neno lilo hilo litakuwa uzushi kwa mwengine, naye hajui.

Yule mmoja alisimama mahakamani na kila mtu akamwona. Wale 1,250 wa mfano wetu hawasimami mahakamani. Hakuna wakili wa mtu aliyekoseshwa usingizi mwezi mzima, akapigwa sindano, akakatwa kinyama cha mwilini, kisha akaambiwa, "Alhamdulillahi, huna kitu." Sheria huwaona walioletwa mbele yake. Lakini Mwenyezi Mungu awaona wote.

Jee, maana yake ni kuwa mahakama ilimdhulumu tabibu? Hapana, sisemi hivyo. Iangalie tena khabari yenyewe. Mwanamke yule hakuwa mzima aliyeitwa kutoka nyumbani kwake. Alikuja mwenyewe, akalalamika, akaondoka, akarudi akalalamika tena. Ile hesabu ya mmoja katika 25,000 ni ya watu wote walio katika umri ule, wenye kuumwa na wasioumwa. Mwenye kurudi mara kadhaa na jicho linalomtaabisha hamo tena katika fungu hilo. Kosa lililopasa kuhukumiwa, kwa rai yangu, halikuwa kutowapima watu wazima wote. Kosa lilikuwa kuitegemea hesabu ya watu wote na kuacha kumsikiliza mtu mmoja aliyekaa mbele yao. Hesabu ni taa ya kumulikia uso wa mgonjwa, si pazia la kuuficha.

KISA CHA MWANAFUNZI

Kisa cha pili ni cha Marekani pia, katika jimbo la Virginia, na kilimpata daktari aliyekuwa bado mafunzoni. Alikieleza mwenyewe katika jarida la madaktari mwaka 2004. Mwaka 1999 alimwona mwanamume wa miaka 53 aliyekuja kukaguliwa afya. Akamweleza juu ya kipimo cha damu cha tezi dume: faida yake ni hii na hii, na madhara yake ni haya na haya, kwani saratani nyingi za tezi hiyo huenda polepole hata mtu akafa kwa jambo jingine, na tiba yake yaweza kumwachia mtu taabu ya mkojo na ya unyumba. Mtu yule hakupimwa. Baadaye alikwenda kwa daktari mwengine, ambaye alimpima bila ya mazungumzo, na ikaonekana ana saratani iliyokwisha sambaa.

Kesi ikasikilizwa mwaka 2003. Wakili wa mshitaki alisema kuwa madaktari wa jimbo hilo hawakai kumshauri mgonjwa juu ya kipimo hicho. Wao hupima tu. Yule kijana aliachiliwa, lakini chuo kilichomfunza kikaamriwa kulipa dola milioni moja. Tena kijana huyo alifuata yale yaliyokuwa yakishauriwa na wataalamu wenyewe. Na mwaka 2018 jopo la taifa la Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa mapema lilisema kuwa mwanamume wa miaka 55 mpaka 69 azungumze na daktari wake, kisha aamue mwenyewe. Yaani afanyiwe kama alivyofanya yule kijana.

Basi vijana wangu, mutajifunza nini hapa? Wengi hujifunza khofu. Husema: mimi nitampima kila mtu kila kitu, nisije nikashitakiwa. Huo ni utabibu wa kujikinga, na anayekingwa hapo ni tabibu, si mgonjwa. Mwenye kufanya hivyo amemtoa mgonjwa wake kuwa ngao yake. Niya imeharibika, na sisi twajua kuwa amali zahukumiwa kwa niya.

DHAMANA KATIKA SHERIA YETU

Sheria yetu haikulinyamazia jambo hili. Imepokewa katika vitabu vya Sunan kwamba Mtume (s.a.w.) alimfanya mdhamini kila mwenye kujitia utabibu naye hakujulikana kwa utabibu. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, amewagawanya matabibu juu ya dhamana mafungu matano. Yupo mjuzi aliyeipa kazi haki yake, mkono wake haukuvuka mpaka, naye amepewa idhini: huyu likitokea la kutokea hana dhamana. Yupo mjinga aliyemghuri mgonjwa: huyu ana dhamana. Yupo mjuzi aliyepewa idhini lakini mkono wake ukakosea ukajeruhi kiungo kizima. Yupo mjuzi aliyejitahidi akakosea katika dawa aliyoiagiza. Na yupo mjuzi aliyetibu bila ya idhini. Kila mmoja ana hukumu yake, na wanavyuoni wamezungumza.

Tazama palipowekwa mizani: ilmu, idhini, na kutovuka mpaka. Mizani haikuwekwa penye kupona au kufa, kwani hayo si katika mkono wa tabibu.

Na haikuwa maneno ya vitabuni tu. Mwaka 319 Hijria, yaani 931, mgonjwa mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamrisha mtu asitibu mpaka atahiniwe na Sinan ibn Thabit, na yasimuliwa kuwa waliotahiniwa walizidi 860.

Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya na Tanzania zimerithi misingi yake, ilikwenda mwendo mwengine ikakaribia pale pale. Tangu mwaka 1957 tabibu alipimwa kwa desturi ya matabibu wenzake: wakisema wajuzi wa fani kuwa alivyofanya yafaa, amesalimika. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilihukumu kuwa katika kumweleza mgonjwa khatari za tiba, kipimo si desturi ya matabibu. Kipimo ni lile ambalo mtu mwenye akili, akiwa mahali pa mgonjwa huyo, angetaka kulijua. Idhini bila ya maelezo si idhini.

KUPUNJA MIZANI

Hapa ndipo ilmu ya takwimu inapokuwa dini. Mwenyezi Mungu amewatishia adhabu wenye kupunja vipimo, ambao wakijipimia wajaza na wakiwapimia watu wapunguza. Twadhani aya hizo ni za wenye maduka tu. Jee, tabibu naye hana mizani?

Tuseme, kwa mfano, kuwa katika wanawake 1,000 wasiopimwa watakufa 5 kwa maradhi fulani, na katika 1,000 waliopimwa watakufa 4. Ukitaka kuwavuta watu utasema: kipimo hiki chapunguza vifo kwa asilimia 20! Na ukitaka kuwaambia kweli kamili utasema: katika kila 1,000, mmoja huokoka. Hesabu ni moja, na yote mawili ni sahihi. Lakini mwenye kuyataja madhara kwa mizani ndogo na faida kwa mizani kubwa amepunja, hata kama hakusema uongo.

Na kuna upunjaji mwengine wa siri zaidi. Fikiri watu wawili wenye maradhi mamoja, na wote wawili ajali yao ni miaka 70. Mmoja alipimwa akajua akiwa na miaka 60, wa pili akajua kwa maumivu akiwa na miaka 67. Wa kwanza ataandikwa kuwa ameishi miaka 10 baada ya kujua, wa pili miaka 3. Watu watasema: tazameni faida ya kupimwa! Na wote wamezikwa na umri mmoja. Kilichorefuka si umri, ni muda wa kujua.

Korea ya Kusini yalitokea hayo kweli. Watu wazima walipimwa tezi ya shingo kwa wingi, hata mwaka 2011 saratani ya tezi hiyo ilionekana mara 15 ya ilivyokuwa mwaka 1993. Lakini vifo vyake havikupungua. Maelfu walikatwa tezi zao, na walio wengi katika hao wakawa ni wa kumeza dawa maisha yao yote.

Basi tutajuaje lenye manufaa? Kwa kulinganisha, kama alivyofanya Abu Bakr al-Razi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita: wagonjwa aliowaona na dalili za homa ya ubongo aliwatoa damu kundi moja, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi bila ya kulitoa, apate kuona tafauti. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa Mumbai, Bara Hindi, kwa kupiga kura: wanawake kiasi cha 150,000, upande mmoja ukapimwa shingo ya kizazi kwa siki tu, na wanawake waliofunzwa kazi hiyo, na upande wa pili ukapewa mafunzo ya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 31 katika waliopimwa. Haya ni manufaa yaliyothibiti. Na kwetu, Kenya na Tanzania, saratani hiyo ni miongoni mwa zinazouwa wanawake wengi zaidi. Siki iliyo jikoni mwetu yaweza kumbakishia mtoto mama yake. Basi dada zangu, haya isituuwe. Kwa haja ya tiba sheria imeruhusu, na akiwapo muuguzi mwanamke ndiye astahikiye. Mficha uchi hazai.

MAMBO YA KUULIZA

Tangu mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha masharti kumi ya kuwapima wazima, yaliyoandikwa na Wilson na Jungner. Maana ya baadhi yake ni haya: maradhi yawe makubwa, yawe na kipindi cha mapema yanapoweza kujulikana, kuwe na tiba, na kipimo kikubalike kwa watu. Nawe uitwapo kupimwa, usikatae kwa ukaidi wala usiitike kama kondoo. Uliza: katika watu 1,000 kama mimi, wangapi huokoka kwa kipimo hiki? Wangapi husingiziwa? Nikiambiwa pana jambo, litafuata nini? Na jee, tiba ipo, nami nitaiweza? Daktari mwenye amana hatakasirika. Ama ukiwa unaumwa, hesabu hizi si zako: nenda, sema, na usiposikilizwa rudi useme tena.

Nawe kijana wangu usomaye udaktari, soma hesabu kama usomavyo fiqhi, kwani kwayo utatoa ushahidi juu ya mwili wa mtu. Eleza faida na madhara kwa mizani moja, taka idhini, andika ulilolisema, kisha fanya kazi yako vizuri. Mahakama ya duniani yaweza kukupa haki na yaweza kukunyima, kama ulivyoona katika visa viwili. Lakini yule aliyekaa mbele yako na wale usiowaona, wote ni amana shingoni mwako, na hesabu yao haifungwi kwa hukumu ya hakimu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape matabibu wetu ilmu yenye manufaa na ndimi za kweli, na sisi atupe afya na subira. Amin.